Shingo ya Jogoo wa Kijivu

Mutheu aliponipigia simu kuniambia kwamba Madam Ruth amefariki, nilikuwa kwenye chumba changu cha kazi hapa Machakos, nimesimama nyuma ya msichana mmoja nikimwonyesha namna ya kuzungusha unyoya bila kuuvunja. Nilimshukuru kwa kunijulisha. Mutheu akangoja kidogo, nadhani alitaka nilie, halafu akasema mazishi ni Alhamisi huko Kola, na familia imeomba mmoja wetu tuliofanya kazi chini ya marehemu aseme maneno machache. Wenzetu walikuwa wameshaulizana, wakanichagua mimi. "Wewe ndiye mlielewana naye," akasema. Nilikubali. Nilipokata simu nilimkaripia yule msichana kwa kosa ambalo hakuwa amefanya, naye akainamisha kichwa akaendelea na kazi, jinsi mimi mwenyewe nilivyokuwa nikiinamisha kichwa katika mwaka ule ambao nimejitahidi sana kutousimulia.

Ni kweli tulielewana, mimi na Madam Ruth. Namna tulivyofika kuelewana ndiyo sijawahi kumwambia mtu, wala mume wangu, wala watoto ambao karo yao ilitoka kwenye vidole hivi. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya soko, mlango wa mabati, kitanda cha futi mbili na nusu, na kila asubuhi nilipanda kilima kidogo hadi kwenye nyumba ndefu iliyowahi kuwa kinu cha posho. Unga ulikuwa bado umeganda kwenye mbao za dari, na mvua ikinyesha kwa nguvu ulidondoka kama mba juu ya meza zetu. Tulikuwa wanawake wanane. Kazi yetu ilikuwa kufunga nzi. Mtu akiniuliza nilikuwa nafunga nzi gani nilimweleza hivi: unachukua ndoano ndogo kuliko punje ya mchele, unaibana kwenye vaisi, kibano cha chuma kilichofungwa mezani, na kwa uzi mwembamba kama unywele unaifunika kwa manyoya na nywele za wanyama mpaka ifanane na mdudu aliyetua majini. Ng'ambo, na hata huku kwetu kwenye mito ya baridi inayoshuka kutoka Mlima Kenya, kuna watu wanaovua samaki kwa wadudu hao wa uongo. Sisi wanane hakuna aliyekuwa amemwona samaki huyo. Tulimjua kwa picha moja ya kalenda, yenye samaki wa madoadoa mekundu, iliyoning'inia juu ya kiti cha Madam Ruth.

Madam Ruth alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Hakuwahi kutupigia kelele, na ningependa angetupigia. Saa sita kila siku alipita na sahani nyeupe, akaokota nzi wetu mmoja mmoja kwa kibanio, akawainua kwenye mwanga. Aliyempendeza alimweka kwenye sahani. Asiyempendeza alimkata palepale mbele yako kwa wembe, uzi ukafumuka, manyoya yakaanguka, akakuachia ndoano tupu juu ya meza na kwenda kwa mwingine bila kusema neno. Miezi ya kwanza nilikatiwa nzi wengi mno. Mikono yetu pia ilikuwa mali yake. Kupaka mafuta kulikatazwa kwa sababu mafuta huharibu nta ya uzi, na kulima vilevile, kwa sababu kiganja chenye sugu hukwaruza uzi hadi ukakatika. Asubuhi tulipanga foleni tumenyoosha mikono kama watoto wa shule, naye alipitisha kitambaa cha hariri juu ya vidole vyetu. Kitambaa kikinasa, ulirudi nje kusugua kwa jiwe.

Aliyesugua kuliko wote alikuwa Nduku. Alitoka Kithyoko, ameolewa, amenizidi miaka kama sita, na kila mwisho wa wiki alirudi nyumbani akashika jembe kwa sababu mvua ikinyesha huko haimngoji mtu. Jumatatu alikuja na viganja kama gome la mti. Alikaa nje kwenye ngazi na jiwe lake, akasugua hadi ngozi ikawa nyekundu, akaja akakaa kwenye kiti cha dirishani, mahali penye mwanga kuliko pote, akafunga nzi ambao Madam Ruth hakuwahi kuwagusa kwa wembe. Nilimchukia tangu wiki ya kwanza. Sasa naweza kusema ilikuwa wivu, lakini wakati ule nilikuwa na sababu nyingine nyingi. Hakunisalimia. Alinipita kwenye sufuria ya muthokoi, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, akajipakulia, kisha akakiacha kijiko chini sakafuni ili niiname kukiokota. Siku moja nikawaambia wenzangu, kwa sauti ambayo angeisikia, kwamba mikono ya jembe inanuka hata ikisuguliwa. Alasiri hiyo, nilipokuwa nimemaliza kuyachambua manyoya yangu kwa ukubwa, kazi ya saa mbili, Nduku aliinuka akafungua dirisha. Upepo wa vilima vya Iveti uliingia ukayapeleka yote chini ya meza. "Kuna joto," akasema.

Haya yote yangeweza kuishia hapo, ugomvi wa wasichana wawili kwenye chumba kidogo, kama asingekuja yule mzee. Alikuwa mzungu mmoja aliyeishi upande wa mlimani, mvuvi, rafiki wa wenye kampuni. Alikuja na fimbo iliyokatwa vipande vinne ndani ya mfuko, akaiunganisha uani huku tukimtazama, na uzi wake ulikuwa mnene, wa manjano, kama wa kufuma sweta. Alisema kwa Kiswahili chake kizuri kwamba katika uvuvi huu ndoano haina uzito wowote. Uzito uko kwenye uzi, na fimbo inaurusha uzi nyuma, inauacha unyooke hewani, ndipo inaurusha mbele. Mtu mwenye haraka hukatiza kabla uzi haujanyooka na kila kitu kinamwangukia kichwani. Alitupa mara tatu juu ya kamba ya nguo zetu, ule uzi wa manjano ukachora hewani bila kugusa hata leso, na mara ya nne nzi alitua ndani ya kisosi alichokuwa ameweka mbali upande wa choo. Hata Madam Ruth alitabasamu. Kisha mzee akaomba karai la maji na nzi mmoja kutoka kwa kila mfungaji.

Tulizunguka lile karai. Nzi wa Nduku alitua juu ya maji akasimama wima, mabawa juu, mkia umetanuka, kama kitu kilichokuwa karibu kuruka. Wa kwangu alitua, akasita, akaegemea ubavu, bawa moja likaingia majini. Mzee aliwaangalia wote wawili kwa muda. "Huyu, samaki atamla," akasema akimwonyesha wa Nduku. "Huyu, samaki atamcheka." Wenzangu walicheka, na Nduku alicheka zaidi ya wote, mkono kiunoni, akinitazama usoni. Jioni hiyo nilimeza kiburi changu nikamfuata akifunga mkoba wake, nikamwomba anionyeshe anavyofanya nzi asilale. Nilimwita dada. Alinijibu bila kuinua macho, "Mimi nilifundishwa na macho yangu. Tumia yako."

Nilikwenda nyumbani nikakaa kitandani bila kupika. Nimejaribu miaka hii yote kukumbuka kama niliwaza kumdhuru, na jibu la kweli ni kwamba sikuhitaji kuwaza. Nilikuwa tayari, na nafasi ilikuja yenyewe.

Manyoya ya thamani kuliko yote pale yalitoka kwa majogoo waliofugwa nchi za nje kwa kazi hiyo tu. Yaliletwa yakiwa kwenye ngozi nzima ya shingo, iliyokaushwa bapa kama kiatu kilichokanyagwa, na sisi tuliita kila moja shingo tu. Shingo ya kijivu ilikuwa moja, ya oda kubwa, na Madam Ruth aliifungia kwenye sanduku la chuma lenye vidonge vya nafthalini vya kufukuza wadudu. Jumatatu moja nilikuwa jikoni nikiosha vikombe, na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa mbao, nilimsikia mkubwa wetu kutoka Nairobi akimwambia Madam Ruth kwamba mwaka uliopita shingo mbili ziliharibiwa na wadudu mikononi mwake, na ikiharibika nyingine asingoje barua, afungashe tu. Madam Ruth alisema ndiyo bwana. Sijawahi kumsikia tena akiwa na sauti ile.

Kama wiki mbili baadaye ilikuwa zamu yangu ya kufagia. Nilifika mapema, mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na kabla sijausukuma nikasikia harufu ya manyoya yanayoungua. Madam Ruth alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa. Mkononi alikuwa na ile shingo ya kijivu, au kilichobaki, kwa sababu upande mmoja ulikuwa upara mtupu na vijidudu vya kahawia vilikuwa vikianguka kutoka kwenye ngozi. Baadaye nilielewa kwamba iliwahi kupata unyevu, akaiweka kwenye droo ya kabati la unga ikauke, akaisahau humo. Aliikunja akaisukuma katikati ya makaa kwa mwiko. Ndipo akageuka akaniona. Tulitazamana. Ninayo sura ile mbele yangu hadi leo, na haikuwa ya kuomba. Aliweka sufuria ya maji juu ya jiko, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Chai ikichemka uniite." Nikachukua ufagio.

Saa nne alifungua sanduku mbele yetu sote akatangaza kwamba shingo haipo. Alifunga mlango. Mikoba yetu ilimwagwa juu ya meza mmoja baada ya mwingine: leso, maembe, vitabu vya nyimbo, kopo la dawa ya kifua. Kwenye mkoba wa Nduku palitoka karatasi iliyokunjwa yenye manyoya matano au sita ya kijivu. Kila mmoja wetu alikuwa na manyoya kama hayo nyumbani, yale yaliyotoka kwenye nzi waliokatwa, ambayo tuliyaokota ili kujifunzia. Mimi nilikuwa nayo chini ya godoro. Nduku alieleza hivyo, mwanzoni kwa utulivu, kisha kwa haraka, na hakuna aliyethibitisha maneno yake, kwa maana atakayethibitisha angekuwa amejitaja. Madam Ruth akamwambia achukue vitu vyake. Nduku hakusogea. Alitutazama wote, akafika kwangu.

"Mwulizeni Mbithe," akasema. "Yeye ndiye alifika wa kwanza leo. Mbithe, hukuona kitu?"

Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuita jina langu. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia. Madam Ruth alikuwa akipanga vifuniko vya chupa za vanishi, mgongo wake ukiwa kwetu, na mikono yake ikasimama.

"Mimi nilikuwa nafagia," nikasema.

Nduku alitoka kwa mlango wa mbele na mkoba wake haujafungwa. Tulimsikia akishuka ngazi, na kisha hatukumsikia tena. Madam Ruth aligeuka, akatazama chumba, akaniambia kwa sauti yake ya kawaida nihamie kiti cha dirishani.

Kwenye vaisi ya kiti kile palikuwa na nzi wa Nduku ambaye hakuwa amemalizwa. Sikumtupa. Nilikaa naye alasiri nzima nikamfumua, mzunguko mmoja wa uzi baada ya mwingine, nikiandika kwenye karatasi kila nilichokikuta, hadi nikafika chini kabisa ya mkia. Hapo nikakuta fundo dogo la uzi, dogo kiasi kwamba vidole havikulihisi, lililowekwa kabla ya mkia ili nywele zake zitanuke pande mbili na kumshikilia nzi juu ya maji. Hilo ndilo alilofundishwa na macho yake. Kabla ya wiki kwisha nzi wangu walikuwa wakisimama kwenye karai, na Madam Ruth hakuwakata tena. Hakunisifu. Alianza kuniachia kipande cha nyama kwenye muthokoi, na nilikula. Mwisho wa mwaka alinifanya msaidizi wake, nikapewa wembe wangu mwenyewe, na nilikata nzi wa wenzangu kwa namna ileile aliyonifundisha, bila neno. Hadi leo, wasichana ninaowafundisha hulijua lile fundo, na wanadhani nililibuni mimi. Sijawahi kuwasahihisha.

Basi Alhamisi nilikwenda Kola na karatasi yangu. Hema lilikuwa limejaa, watu wa kanisa, majirani, wajukuu wamevaa sare. Nilipopewa kipaza sauti nilianza kusoma kwamba marehemu alikuwa mama kwetu, kwamba alitufundisha uvumilivu na uaminifu, na katikati ya neno hilo la pili nikamwona Nduku. Alikuwa amesimama nyuma ya viti vya mwisho, juani, amenenepa kidogo, kitambaa cheupe kichwani. Nilimjua kwa mkono kiunoni. Ningeweza kuacha kusoma. Nilikuwa na kipaza sauti, nilikuwa na miaka hamsini na zaidi, na aliyekuwa akinitisha alikuwa ndani ya sanduku. Nikasoma hadi mwisho. Watu wakasema amina.

Baada ya kaburi kufunikwa nilimfuata njiani akielekea kwa bodaboda. Nilimwita. Alisimama lakini hakunipa mkono.

"Umeongea vizuri," akasema.

Nilimuuliza kwa nini amekuja. Alisema alitaka kuona udongo ukiingia. Nilimwambia basi yote, nikiwa nimesimama barabarani, watu wakipita na sahani zao: jiko, wadudu, sufuria ya chai, ufagio. Alisikiliza akitazama viatu vyangu. Nilipomaliza nilisema kwamba bado watu hawajaondoka, naweza kurudi hemani nichukue kipaza sauti na kusema ukweli mbele ya wote.

"Huku Kola hakuna aliyeniita mwizi," akasema Nduku. "Kithyoko ndiko waliniita."

Ndipo nilipojua kilichofuata siku ile baada ya mimi kuketi dirishani. Nduku alikuwa ameipata kazi kwa barua ya mchungaji wake. Madam Ruth aliirudisha barua ile kanisani, akiwa ameandika nyuma yake sababu ya kumfukuza. Mchungaji aliisoma mbele ya wazee. Nduku alitolewa kwenye kwaya, akatolewa kwenye chama cha akina mama, na sokoni wanawake waliweka mkono juu ya bidhaa zao alipopita. Mume wake hakumfukuza. Alikaa naye miaka ishirini na mitatu, akawa mwema kwake, na kila walipogombana, hata kwa kitu kidogo kama chumvi, alimwambia kwamba yeye angalau hajaiba. Alikufa hivyo, akiamini. Nduku aliniambia haya bila kupandisha sauti, akampungia mwenye bodaboda mkono, akapanda, akaondoka.

Jumapili ya pili yake nilikwenda Kithyoko. Sikuwa nimemwarifu. Nilimwona mchungaji kabla ya ibada, kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule, nikamweleza, akaogopa kidogo, kisha akakubali. Baada ya matangazo aliniita mbele. Kanisa lilikuwa la mawe, lina benchi nyingi, na Nduku alikuwa kwenye benchi ya nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo niligundua alikuwa amekaa tangu miaka ile. Sikuwa na karatasi. Nilisema jina langu na kazi yangu. Nilisema shingo ile iliungua kwenye jiko na aliyeichoma nilimwona kwa macho yangu, kwamba Nduku hakuiba, kwamba aliniomba niseme na nikakataa kwa sababu nilimchukia na nilikitaka kiti chake. Nikasema ujuzi unaonilisha hadi leo ni wake, niliuchukua kwenye vaisi yake siku hiyohiyo, kwa hiyo kama kulikuwa na mwizi katika chumba kile, ndiye huyu wanayemwona. Wazee wawili kwenye benchi ya mbele walitazama chini. Mwanamke mmoja mzee sana alianza kulia, na baadaye niliambiwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya.

Nilipofika hapo nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyafikiria maneno hayo njia nzima. Nilisema, "Nduku, dada yangu," na kabla sijaendelea, yeye akasimama kule nyuma. Kanisa zima liligeuka kumtazama. Hakunitazama mimi. Aliwatazama wao, benchi baada ya benchi, polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna aliyekosekana.

"Mmesikia," akasema. "Sasa aketi."

Nikaketi.